Kiti cha Marehemu Thaheem

Serikali ya jimbo ilipoleta mfumo wa mafaili ya kompyuta katika Idara yetu ya Mifereji hapa Multan, barua ilisema kila ofisa aende Lahore yeye mwenyewe akafunzwe. Mkurugenzi wetu, Bwana Khichi, aliisoma barua, akaandika pembeni, "Naibu aende badala yangu," akagonga kengele. Naibu akaandika aende mhandisi. Mhandisi akaandika aende ofisa msaidizi. Barua ikateremka hivyo hivyo, kwa adabu, ngazi zote saba, mpaka ikamfikia Rehmat Thaheem, karani, ngazi ya mwisho. Thaheem alikuwa anaumwa kifua, na chini yake hakuna mtu ila mimi. Mimi sikuwa hata ngazi. Nilikuwa mpiga chapa wa kibarua. Nikaenda.

Mlangoni mwa ukumbi wa mafunzo kijana mmoja alinipa vitambulisho saba vya kuning'iniza shingoni.

"Wenzako wako wapi, dada?"

"Wanakuja," nikasema.

Nilivaa vyote saba. Mashine iliniuliza mara saba jina, neno la siri na namba ya simu. Majina nilikuwa nayo, maneno ya siri niliyatunga, lakini simu ninayo moja tu, basi namba yangu ikaingia mara saba. Wakati wa chakula nikapewa visanduku saba vya biriani. Nilikula cha karani. Cha mkurugenzi nilimletea ami Allah Ditta, tarishi wetu, nikitaka ajue wakubwa wanakula nini. Akasema biriani ni biriani.

Sina budi kusema jambo moja, maana watu wa nje hulisikia wakacheka. Kwetu ofisa hagusi kibodi. Ofisa ana taulo jeupe mgongoni mwa kiti, ana kengele mezani, na ana kalamu ya wino wa kijani kama cheo chake kinaruhusu. Kugonga herufi ni kazi ya watu kama mimi. Kompyuta zilipoletwa, kila chumba kilipata yake, na kila moja ikafunikwa kitambaa kilichotariziwa maua na mke wa mwenye chumba. Ya kwangu tu ndiyo iliyobaki uchi, na ndiyo iliyofanya kazi.

Mwanzoni nilizunguka. Mkulima akiomba kubadilishiwa zamu ya maji, labda kwa sababu zamu yake imeangukia siku ya harusi, nililifungua faili kwa jina la Thaheem, kisha nikaenda chumba kwa chumba kuuliza. "Bwana Kalru, kuna ombi la zamu kutoka mfereji wa Sidhnai, niandike nini?" Bwana Kalru, msimamizi wa ofisi, alikuwa mtu mwenye tumbo na huruma. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake, "Andika kama kawaida, dada." Kwa mhandisi: kama kawaida. Kwa naibu: kama kawaida. Bwana Khichi hakujibu kabisa, alipunga mkono tu kama anayefukuza nzi. Baada ya mwezi Bwana Kalru akaniambia, "Dada Musarrat, mbona unatusumbua kwa jambo tulilokwisha kukujibu?" Nikaacha kuuliza.

Nilifanya kazi kwa haki, na hilo nalisema kifua mbele. Sikuwa mtu wa kubonyeza tu. Nikiingia kwa jina la karani niliandika ombi. Nikiingia kwa jina la Bwana Kalru nililikagua. Siku moja nikiwa karani nilikosea namba ya mfereji, nikiwa msimamizi nikalirudisha faili kwa maneno makali kidogo, nikiwa karani nikaomba radhi, na nikiwa naibu nikaandika kwamba karani aonywe. Nilimpa kila mmoja lugha yake. Naibu wangu alikuwa mkorofi zaidi kuliko naibu wa kweli, na mkurugenzi wangu alikuwa mpole, kwa sababu Bwana Khichi wa kweli alikuwa mpole alipokuwepo.

Faili ambalo zamani Allah Ditta alilibeba kwapani nusu mwaka, likilala chumba hiki na kuamkia kile mpaka pamba ya mwenyewe imekauka, sasa lilipanda ngazi zote saba kwa dakika ishirini. Wakulima waliniombea dua bila kunijua. Walimwombea Bwana Khichi, kwa hakika, lakini dua hufika inakojua.

Thaheem akafariki. Tulimzika kabla ya alasiri, ofisi nzima ilikuwepo, na Bwana Khichi alishika jeneza kwa hatua kadhaa. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na maombi ya wakulima mezani, na mfumo haulipokei faili lisiloanzia kwa karani. Nikamwendea Bwana Kalru.

"Niingie kwa jina la nani?"

"Marehemu alikuwa mtu mkarimu," akasema. "Hatakasirika."

Nikaingia kwa jina la marehemu. Mimi na yeye tukaendelea kufanya kazi pamoja, na sikuwahi kupata mwenzi mtulivu zaidi yake.

Sasa niseme kilichokuwa kinaniuma. Kibarua kwetu huajiriwa kwa miezi mitatu kasoro siku moja, kwa sababu akitimiza miezi mitatu anaweza kudai kuwa mtumishi. Siku hiyo moja unakaa nyumbani, serikali inakusahau, kesho yake inakuajiri kama mgeni. Nilikuwa mgeni wa ofisi ile tangu mume wangu alipofariki, na binti yangu aliyekuwa akinyonya wakati ule sasa alikuwa ananizidi urefu. Hakuna likizo, hakuna matibabu, na mama mkwe wangu, kila siku ile moja ya kukaa nyumbani, alinitazama nikikanda unga akasema, "Leo tena wamekufukuza?" Kiti cha Thaheem kilikuwa cha kudumu. Nilikitaka. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nimezaliwa, na sioni haya kulisema.

Bwana Khichi aliniahidi mara mbili. Lakini kila alipotuma ombi Lahore, yaani kila nilipolituma, jibu lilikuwa moja: ngazi ya kwanza kutoka chini katika ofisi yenu ina mtu, na mtu huyo ni mchapakazi. Hazina walijua Thaheem amekufa, walishafunga mshahara wake. Mfumo wa mafaili haukujua. Mifumo hiyo miwili haikuwa na mazoea ya kusalimiana.

"Basi tuandike kwamba amefariki," nikasema.

Bwana Khichi akakuna kidevu. "Tukiandika amefariki, wataniuliza kazi hii yote imefanywa na nani. Ngoja kidogo, Bi Musarrat. Mambo haya yanataka subira."

Mambo yenyewe yakaja kabla ya subira. Lahore wakachapisha hesabu za idara zote, na ofisi yetu ikawa ya kwanza jimboni kwa kasi. Bwana Khichi akapewa ngao ya kioo. Kisha akaja Bi Anushay, mtaalamu aliyetumwa na serikali kupunguza ngazi. Alikuwa mwanamke wa heshima, aliyevaa viatu vya kukimbilia na mtandio wa dupata wa hariri, na aliongea taratibu ili tumwelewe. Alisema kwamba zamani ngazi zilikuwa nyingi kwa sababu habari zilitembea kwa miguu, na sasa mfumo unaonyesha nani anafanya kazi na nani anakula mshahara wa bure, kwa hiyo wa bure waondoke. Maofisa sita wakanywa chai yao. Niliona kikombe cha Bwana Kalru kikigongana na kisahani.

Bi Anushay akafungua kompyuta yake. "Nimeshangaa sana," akasema. "Nimezunguka jimbo zima, sijaona ofisi kama hii. Ngazi zote saba zinafanya kazi sawasawa. Naibu anarudisha makosa. Msimamizi anakagua. Hata mnabishana kwa hoja! Hapa sina ngazi ya kuondoa." Vikombe vikatulia. "Na zaidi ya wote ni karani, Bwana Rehmat Thaheem. Hajalaza faili hata moja kwa miaka miwili. Yuko wapi? Ningependa kumpa mkono."

Allah Ditta, aliyekuwa ameshika sinia, akafungua mdomo. Bwana Kalru akamkanyaga.

"Hayupo leo," akasema naibu.

"Ana udhuru," akasema mhandisi.

"Mpelekeeni salamu zangu."

"Zitafika," akasema Allah Ditta.

Kisha Bi Anushay akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye kona na daftari langu. "Na wewe, dada, kazi yako ni ipi? Sikuoni kwenye mfumo."

Nikamtazama Bwana Khichi. Sekunde ile nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini wanaume sita walinitazama, na hao ndio walionipa miezi mitatu kasoro siku moja, na Bwana Kalru, maskini, alikuwa na mabinti wanne.

"Anatusaidia kuandika," akasema Bwana Khichi.

"Lakini mnaandika wenyewe," akasema Bi Anushay kwa upole, na akaandika kitu.

Amri ikaja baada ya juma moja: ngazi saba zibaki kama zilivyo, ziwe mfano kwa jimbo, na kibarua mmoja wa kupiga chapa, asiye na faili hata moja kwenye mfumo, aondolewe. Amri iliingia kwa mfumo. Ilihitaji kukubaliwa na ngazi zote saba. Ilikuja mezani kwangu.

Nyumbani nilifundishwa kwamba kinyozi hajinyoi. Mambo yangu mwenyewe sikuwahi kuyapitisha bila kuuliza, hata ule mkataba wa kila mara. Nikazunguka tena chumba kwa chumba, kama siku za mwanzo.

Bwana Kalru nusura alie. "Dada, weka tu. Lakini ongeza kwa jina langu, nimesikitika sana."

"Niandike 'sana'?"

"Andika 'mno'."

Mhandisi alisema wala asingekubali kama ingekuwa juu yake. Nikamwambia iko juu yake, ndiyo maana nimekuja. Akasema, "Unajua ninavyomaanisha." Naibu alisema kama kawaida. Bwana Khichi alinipa boksi la halwa ya Multan lenye utepe, akasema nimekuwa kama binti yake.

"Nifanyeje basi?"

Akapunga mkono.

Nilirudi nikakaa. Nikiwa Thaheem nililifungua. Nikiwa Bwana Kalru nilisikitika mno. Nikiwa naibu, nakiri, niliandika maneno mazuri kuhusu mwanamke huyu Musarrat ambayo naibu hajawahi kuyafikiria, kwa sababu nilijua hakuna mwingine atakayeyaandika. Nikiwa mkurugenzi nilikubali. Nilijifukuza kwa dakika kumi na nane, kasi ambayo ofisi ile haikuwa imewahi kuifikia. Machozi yaliniteremka mpaka kidevuni, na sikuyafuta, maana hakukuwa na mtu wa kuyaona.

Siku ya nne baadaye nilikuwa nyumbani nakanda unga simu ikalia. Ujumbe: namba ya kuthibitisha kwa ajili ya mkurugenzi. Mfumo kila mwezi unataka neno jipya la siri, na namba ya kuthibitisha unaituma kwa simu ya mwenyewe. Simu ikalia tena: ya naibu. Kisha ya mhandisi. Mama mkwe akachungulia. "Wanaume wangapi wanakutafuta?"

"Sita," nikasema, "na maiti mmoja."

Kisha Bwana Kalru akapiga. "Dada, hujambo? Mama hajambo? Naomba unisomee hizo namba tu, sisi tutajitegemea."

"Mimi ni mtu baki sasa, Bwana Kalru. Mtu baki akitoa namba za serikali ni jela, yeye na aliyepokea. Liko agizo la naibu."

"Naibu hajaandika agizo kama hilo!"

"Ameliandika vizuri sana. Nendeni mlisome."

Hawakuweza kulisoma, lilikuwa ndani ya mfumo.

Basi ikabidi waniajiri upya, kwa karatasi, kwa mkono. Allah Ditta ndiye aliyenisimulia, maana mfumo ulikuwa umempumzisha, na sasa akarudi kuwa mtu. Alilifunga faili kwa utepe mwekundu aliouhifadhi kwenye sanduku la kahawa, akalibeba kwapani. Karani mkuu, aliye ngazi moja juu ya marehemu, akaliandika na kuweka tarehe. Kwa Bwana Kalru lililala kwa sababu alikuwa anatafuta miwani. Kwa ofisa msaidizi lililala kwa sababu ofisa msaidizi alitaka Bwana Kalru aeleze neno 'dharura'. Mhandisi alikuwa kwenye harusi Bahawalpur. Naibu aliandika 'tujadiliane', wakakaa kujadiliana, hawakukumbuka wanajadili nini, wakanywa chai.

Huku nje wakulima walikuwa wamekaa getini na baiskeli zao, maana msimu wa pamba haungoji mtu. Pensheni ya Bwana Kalru ilikuwa imekwama ndani ya mfumo. Likizo ya Umra ya Bwana Khichi ilikwama humo humo, na mkewe alikuwa ameshaaga mtaa mzima.

Allah Ditta alifika mlangoni kwangu na baiskeli, akanipa karatasi yenye saini sita, moja ya wino wa kijani. Nikaisoma nimesimama. Miezi mitatu kasoro siku moja, kuanzia tarehe aliyoiweka karani mkuu. Nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki siku nne.

"Ami," nikasema, "wamenipa siku nne."

"Binti yangu," akasema, "mimi nimelibeba tu."

Nilivaa shali yangu nikaenda. Walikuwa wamejaa chumbani kwangu, wote sita, na Bwana Khichi akasema, "Alhamdulillahi," akaelekeza mkono kwenye kompyuta. Nikaketi. Nilizifungua akaunti zao zote, moja moja, namba zikija kwenye simu yangu. Kisha nikainuka.

"Kuna faili moja la kutangulia," nikasema. "Kiti cha karani Thaheem. Lazima iandikwe kwamba amefariki, na lazima iandikwe nani anakikalia. Hilo ni faili langu, na faili langu siligusi. Kinyozi hajinyoi. Mheshimiwa, karibu ukae."

"Lakini kuanza ni kwa karani," akasema naibu.

"Karani amekufa. Ndiyo maana ya faili. Kwa faili la kifo cha karani tu, mfumo unakubali aanze karani mkuu. Liko agizo lako."

"Dada Musarrat," akasema Bwana Kalru taratibu, "si ungebonyeza tu, sisi tumesimama hapa tunakubali?"

"Siku mliyoniondoa mlikubali mmekaa," nikasema. "Leo bonyezeni."

Walitazamana. Nje mkulima mmoja alikuwa anapiga kengele ya baiskeli bila kukoma. Bwana Khichi akafikiria Makka.

Karani mkuu akakaa, akaandika kwa kidole kimoja. Ofisa msaidizi akafuata, kisha wengine. Kiti changu hakina taulo, na kila aliyekaa aliegemea mara moja, akastuka, akakaa wima. Bwana Kalru aliandika 'nimefurahi', akafuta akaandika 'nimefurahi mno', na hilo 'mno' lilimchukua muda wa kuchemsha chai. Naibu alipoteza maandishi yote mara mbili na akamlaani mtengeneza kibodi, mpaka nikamwonyesha kwa mbali, bila kugusa, alipobonyeza. Mwisho akakaa Bwana Khichi. Ilikuwa jioni. Aliandika jina la Rehmat Thaheem herufi moja moja, akasimama katikati, akauliza, "Alikufa lini hasa?" Hakuna aliyejua ila mimi. Nikamtajia. Akaandika tarehe. Alipofika kwenye neno 'marehemu' aliinua kidole, akakaa hivyo kidogo.

"Nilishika jeneza lake," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Akakubali. Allah Ditta, pale mlangoni, akamsomea marehemu Fatiha, na sote tukainua mikono, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amekufa.

Siku chache baadaye Lahore wakaandika. Walitaka maelezo. Wastani wa ofisi yenu, walisema, ni dakika ishirini kwa faili. Faili la ajira ya karani limechukua siku nzima, ndilo la polepole kuliko yote tangu mfumo uanze. Kuhusu marehemu na kazi zake za miaka miwili hawakuuliza kitu. Bwana Khichi alikuwa anafunga mabegi ya safari.

"Niwajibu nini, Mheshimiwa?"

Akapunga mkono. "Unachoona kinafaa."

Nikaketi. Mgongoni mwa kiti changu kulikuwa na taulo dogo la uso, jeupe, ambalo Allah Ditta aliliweka na kukataa katakata kwamba ni yeye. Nikaandika: "Faili hilo lilishughulikiwa na wahusika wenyewe." Jibu likapanda ngazi zote saba kwa dakika kumi na tisa. Katika ngazi sita nilikuwa watu wengine, kama kawaida. Katika ya kwanza, ya karani, nilikuwa mimi.